Biti 136 ndani ya picha: kisa cha alama fiche ya Stable Diffusion

Tarehe 22 Agosti 2022 kampuni ya Stability AI iliitoa hadharani modeli ya Stable Diffusion, iliyozaliwa katika kazi ya kikundi cha CompVis cha Chuo Kikuu cha LMU, München, pamoja na kampuni ya Runway. Aliyekuwa na kompyuta yenye kadi nzuri ya michoro aliweza kuipakua, kuandika sentensi moja na kupata picha. Iliambatana na hati ya Python (programu fupi ya kompyuta) iitwayo txt2img.py, na maelezo yake yalisema kwamba picha zitakazotoka zitabebeshwa alama isiyoonekana, ili mtazamaji aweze kujua kuwa zimetengenezwa na mashine.

Alama yenyewe ni neno moja: StableDiffusionV1. Herufi 17, kila moja biti 8 (biti ni 0 au 1), jumla biti 136. Ukiitazama picha huioni, lakini programu ya kusomea huitoa papo hapo.

Tumechagua kisa hiki kwa sababu hakuna kilichofichwa isipokuwa alama yenyewe. Msimbo uko wazi, ujumbe uko wazi, namna ya kuficha na namna ya kusoma ziko wazi. Alama za kibiashara kama ya Digimarc, au SynthID ambayo Google DeepMind iliitangaza Agosti 2023, mtu wa nje hawezi kuzipasua akaona matumbo yake. Hii inapasuka. Na ukishaipasua unagundua kwamba ni uzi mwekundu uliofungwa mguuni mwa kuku. Unamsaidia mtu mwema kujua kuku ni wa nyumba gani. Mwizi anaukata kwa wembe, na jirani mchokozi anaweza kufunga uzi wa rangi hiyohiyo kwenye kuku asiyehusika kabisa.

Inavyofichwa

Kazi inafanywa na maktaba ya Python, yaani mkusanyiko wa msimbo ulio tayari, iitwayo invisible-watermark, kwa mbinu waliyoiita dwtDct. Tuchukue picha ya pikseli 512 kwa 512, ukubwa wa kawaida wa modeli hiyo.

Kwanza picha inahamishwa kutoka nyekundu, kijani na buluu kwenda mfumo wa YUV, ambamo Y ni mwangaza na U na V ni rangi. Nguvu ya kuficha imepangwa hivi: 0 kwa Y, 36 kwa U, 36 kwa V. Yaani mwangaza hauguswi, na hilo ni jambo la busara, maana jicho la binadamu hukamata kasoro ya mwangaza upesi kuliko kasoro ya rangi. Ila kitanzi cha msimbo kinapita chaneli mbili za kwanza tu, Y na U. V imeandikiwa 36 lakini zamu yake haifiki kamwe. Basi alama nzima imelala kwenye U peke yake. Tutaona punde inavyogharimu.

Kisha chaneli ya U inapitishwa kwenye waveleti ya Haar: kila pikseli 4 za mraba zinafupishwa kuwa namba moja, na tunabaki na jedwali la 256 kwa 256. Jedwali linakatwa vipande vya 4 kwa 4, kwa hiyo kila kipande kinafunika pikseli 8 kwa 8 za picha halisi. Vipande ni 64 kwa 64, yaani 4,096. Kipande cha kwanza, kona ya juu kushoto, kinabeba biti ya kwanza, cha pili ya pili, hadi 136, halafu ujumbe unaanza upya. Gawanya 4,096 kwa 136: kila biti imerudiwa takribani mara 30. Wakati wa kusoma, marudio hayo yanapigiwa kura na wengi wanashinda.

Picha yenye eneo chini ya pikseli 65,536 (256 kwa 256) maktaba inaikataa. Hata pale kwenye ukingo vipande ni 1,024 tu, na kila biti inapata kura 7 au 8.

Sasa tuingie ndani ya kipande kimoja. Kina namba 16. Ya kwanza inaachwa, na katika 15 zilizobaki inatafutwa yenye ukubwa kuliko zote. Tuseme ni 50. Inagawanywa kwa 36: inaingia mara 1. Kama biti ya kufichwa ni 0, namba inasogezwa hadi 1.25 × 36, yaani 45. Kama ni 1, inasogezwa hadi 1.75 × 36, yaani 63. Msomaji haulizi namba ilikuwa ngapi mwanzoni. Anachukua baki ya kugawanya kwa 36: baki ikizidi 18 ni 1, isipozidi ni 0. Kwa 45 baki ni 9, kwa 63 baki ni 27. Zote mbili ziko umbali wa 9 kutoka mpakani, kwa hiyo biti inastahimili mtikisiko wa 9 juu au chini. Ukizidi hapo, inageuka.

Hapo kwenye kuchagua namba kubwa kuna kasoro ambayo haihitaji adui. Tuseme namba kubwa ni 70 na inayoifuata ni 66, na biti ni 0. Kanuni inaishusha 70 hadi 45. Msomaji akija, namba kubwa kuliko zote si ile tena. Ni 66, ambayo hakuna aliyeigusa. Baki yake ni 30, anasoma 1. Biti imeharibika kabla faili halijahifadhiwa. Ndiyo maana maelezo ya maktaba yenyewe yanakiri kwamba alama haihakikishiwi kurudi sawasawa kwa asilimia 100 hata kama picha haijashambuliwa. Kura 30 ndizo zinazoficha aibu hiyo.

Kinachoiua

Dawa ya kwanza ni rahisi hata kuitaja ni aibu: geuza picha iwe nyeusi na nyeupe. Rangi ikiondoka, U inakuwa 128 kila mahali, na msomaji anapata sifuri tupu. Tulihesabu biti za neno StableDiffusionV1: moja ziko 68 na sifuri ziko 68, nusu kwa nusu kamili. Kwa hiyo picha iliyofutwa rangi inalingana kwa biti 68 kati ya 136, wastani uleule wa picha isiyowahi kutiwa chochote. Haibaki hata harufu. Kama V ingekuwa imefikiwa hali ingekuwa hiyohiyo. Aliyeweka 0 kwenye Y ndiye aliyeamua.

Kukata picha kunaua kwa namna ya kuvutia zaidi, kwa sababu inategemea umekata upande gani. Mpangilio wa biti unaanza juu kushoto na kwenda mstari kwa mstari. Ukikata chini, mistari ya juu inabaki kwenye zamu zake, unapoteza kura tu. Ukikata pikseli 8 kulia, mstari unakuwa na vipande 63 badala ya 64. Mstari wa kwanza unasomeka vizuri, wa pili umeteleza hatua moja, wa tatu hatua mbili, na kufika katikati kila biti inapigiwa kura na biti za majirani. Matokeo ni uji. Ukikata juu, zamu zinazunguka: kila mstari wa vipande ni hatua 64. Na hapa kuna kioja cha hesabu. Mistari 17 ni hatua 1,088, ambazo ni 136 mara 8 kamili. Ukikata pikseli 136 za juu, si 135 wala 137, alama inasomeka kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kubadili ukubwa ni mauti ya moja kwa moja. Picha ikivutwa kutoka 512 hadi 1,080, kipande cha pikseli 8 kinakuwa na pikseli karibu 16.9, na msomaji anaendelea kukata vipande vya 8. Picha ya skrini inaangukia hapohapo. Tiba ni kuirudisha kwenye kipimo cha asili kabla ya kusoma, na kwa modeli hii si kazi ngumu, kwa kuwa watu wengi waliacha 512 kwa 512 kama ilivyo.

JPEG ni habari ndefu kidogo. Wengi husema inaua kwa sababu inapunguza rangi nusu kwa nusu, lakini sivyo. Kupunguza huko ni kuchukua wastani wa pikseli 4 za mraba, jambo ambalo Haar imeshalifanya. Alama inapita salama. Kinachouma ni hatua inayofuata, ya kukadiria. Katika jedwali la kawaida la rangi kwa ubora wa 75, namba za kona zinakadiriwa kwa hatua ya 9, lakini mbele kidogo hatua inapanda hadi 50. Tofauti ndogo za rangi kati ya kiraka na jirani yake, ambazo ndizo zilizobeba ujumbe, JPEG inaziona upuuzi na kuziviringisha kuwa sifuri. Kwa ubora wa 95 alama ina nafasi. Picha ikipitishwa kwenye programu za kutumiana ujumbe, zinazobana faili bila kuuliza, usiitegemee.

Namna ya kusoma bila kujidanganya

Kosa la wasomaji wengi ni kulazimisha biti zigeuke maandishi, kisha kuangalia kama neno limetoka. Tufanye hesabu. Tuchukulie JPEG imeharibu asilimia 30 ya vipande. Kwa kura 30, tukihesabu sare kuwa kosa, uwezekano wa biti moja kukosewa ni kama asilimia 1.7. Unaonekana mdogo. Lakini biti ni 136, na uwezekano wa zote kutoka safi ni karibu asilimia 10. Yaani mara 9 katika 10 neno litatoka na herufi ya ajabu, au programu itagoma kabisa kwa sababu biti ya kwanza ya herufi imegeuka na si maandishi halali tena. Fundi anaandika "hakuna alama", wakati biti 133 au 134 zinalingana.

Linganisha biti kwa biti, uhesabu ngapi zimefanana. Picha isiyo na alama itaangukia 68, na kwa kawaida kati ya 56 na 80. Ukiweka kizingiti cha 100, kubahatisha kukifikia hakutokei hata mara moja katika milioni kumi, ikiwa biti hazitegemeani. Sharti hilo la mwisho ni zito. Picha halisi zina anga tupu, kuta, karatasi nyeupe, na vipande vyake huegemea upande mmoja kwa pamoja. Kabla ya kuamini kizingiti, kipitishe kwenye picha zako elfu kadhaa unazojua hazina alama.

Ujumbe wenyewe pia ungeweza kuchaguliwa vizuri zaidi. Herufi za kawaida zote huanza na biti 0, kwa hiyo biti 17 kati ya 136 hazisemi kitu. Mbaya zaidi, neno lolote jingine la herufi za Kilatini linafanana nalo kuliko bahati ingeruhusu: ukibadilisha 1 ya mwisho kuwa 2, ni biti 2 tu zinazotofautiana. Modeli ya SDXL iliyokuja baadaye iliachana na maandishi ikatumia namba ya biti 48, na kwa picha yake ya 1,024 kwa 1,024 kila biti inapata kura zaidi ya 340. Huo ndio uamuzi bora kuliko yote katika ukoo mzima wa alama hizi.

Kuku na uzi wake

Mpaka hapa tumezungumzia ajali. Mtu mwenye nia mbaya hahitaji ajali. Alama inatiwa baada ya picha kukamilika, na kwa kila picha ni mstari mmoja tu wa hati unaoita kazi hiyo. Ukiufuta, picha inatoka bila alama na bila tofauti ya ubora. Tena, programu nyingi ambazo watu waliunda juu ya modeli hazikupitia hati hiyo kabisa; alama haikuwa ndani ya modeli, ilikuwa mlangoni, na nyumba ina milango mingi.

Upande wa pili wa wembe ndio unaosahaulika. Kwa kuwa hakuna ufunguo wa siri, anayejua kusoma anajua kuandika. Mtu akichukua picha ya kweli ya tukio la kweli, kwa mistari mitano ya Python anaibebesha StableDiffusionV1, kisha anaita waandishi: "Pimeni wenyewe, ni ya mashine." Vipimo vitamuunga mkono, biti 136 kwa 136. Kwetu sisi hili ni kosa kubwa kuliko alama kufutika, maana alama iliyofutika inamwacha msomaji bila jibu, ila ya kubandikwa inampa jibu la uongo lenye uzito wa kipimo.

Auguste Kerckhoffs aliandika mwaka 1883, akizungumzia siri za kijeshi, kwamba mfumo lazima ubaki salama hata ukiangukia mikononi mwa adui. Siri ikae kwenye ufunguo. Hapa ufunguo haukuwepo. Na kuna dalili ya ziada: chukua namba kubwa za vipande vyote, chora baki zake za 36. Picha ya kawaida inatawanyika kuanzia 0 hadi 36. Iliyotiwa alama ina vilima viwili, kwenye 9 na kwenye 27. Hata asiyejua ujumbe anaona kwamba kuna kitu.

Ingefungwaje vizuri

Ukiwa na picha zako za kulinda na hujataka kuacha mbinu hii nyepesi, rekebisha kwa mpangilio huu.

Anza na ufunguo wa biti 256 uliotolewa kwa nasibu na kuhifadhiwa nje ya seva ya picha. Utumie kuchanganya mpangilio wa vipande 4,096, ili biti ya kwanza isiwe kona ya juu kushoto bali popote ufunguo unapoamua. Utumie pia kumpa kila kipande msogeo wake kati ya 0 na 36, unaojumlishwa kabla ya kugawanya na kutolewa baadaye. Brian Chen na Gregory Wornell walieleza njia hii kwa ukamilifu mwaka 2001. Vilima viwili vinasawazika, na asiye na ufunguo hasomi wala haandiki.

Ujumbe uwe mfupi. Msimbo wa BCH wa biti 63 unabeba biti 36 za habari na kusahihisha makosa 5. Biti 36 zinatosha kutofautisha picha zaidi ya bilioni 68. Kila biti inapata kura 65 badala ya 30. Weka namba ya rejesta, si jina la mteja; jina likae kwenye hifadhidata yako pamoja na muhtasari wa picha yenyewe. Muhtasari huo si pambo. Mwaka 2000 Kutter, Voloshynovskiy na Herrigel walionyesha kwamba unaweza kukisia alama kwa kusafisha chembechembe za picha moja, kisha kuipandikiza kwenye nyingine bila kujua ufunguo. Rejesta ikionyesha kwamba namba hiyo ni ya picha ya mashua na wewe umeletewa picha ya mkutano, upandikizaji umejulikana.

Gusa Y pia, kwa nguvu ndogo, na pale tu penye msukosuko wa mchoro kama majani, nywele au changarawe. Ukuta uliopakwa rangi moja uache. Kwa kukata picha, jaribu mianzo yote 64 ya gridi ya 8 kwa 8, pamoja na idadi ya vipande vilivyokatwa juu na kushoto, na kumbuka kwamba kila jaribio ni kuipa bahati nasibu tiketi moja zaidi, kwa hiyo kizingiti kipandishwe.

Kisha usiiweke mashine ya kusomea hadharani. Anayeweza kuiuliza mara elfu atasogeza pikseli kidogo kidogo hadi iseme hapana, akijua kila mara amekaribia kiasi gani.

Hata hivyo yote hayo bado ni alama ya mlangoni. Watafiti wa Meta na Inria mwaka 2023 walitoa Stable Signature, ambayo inafundisha sehemu ya mwisho ya modeli yenyewe itoe picha zilizokwisha beba biti 48. Hakuna mstari wa kufuta, na walionyesha kuwa picha iliyokatwa hadi kubaki asilimia 10 inatambulika zaidi ya mara 90 katika 100, huku tuhuma za uongo zikiwa chini ya moja katika milioni. Lakini mwenye faili za modeli anaweza kubadilisha sehemu hiyo kwa nyingine ya zamani, kitu ambacho watumiaji wa Stable Diffusion hukifanya kila siku kwa sababu za urembo tu. Na mwaka huohuo ikaonyeshwa kwamba ukiitia picha kelele kiasi na kuiachia modeli nyingine iisafishe, alama nyingi zisizoonekana zinaondoka na kelele.

Kwa anayepokea picha na kuombwa aandike taarifa: ukipata biti 100 na zaidi, andika kwamba alama ya Stable Diffusion imepatikana, na kwamba alama hiyo inaweza kubandikwa na yeyote. Ukipata 70, andika kwamba alama haikupatikana kwenye faili ulilopewa, taja ukubwa wake na ubora wake wa JPEG, kisha omba faili la asili.